Jicho vivu la mtoto: kabla hujalipia gemu la mazoezi ya macho, soma hapa

Toka nilipoweka picha ya mwanangu akiwa na kiraka jichoni, inboksi haijatulia. Kina mama wenzangu wananiuliza yaleyale, jicho limepona? mlitumia mazoezi gani? kuna gemu nimeliona mtandaoni wanasema linatibu jicho vivu, nilipie? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, tena kwa urefu, maana hili jambo limefanyiwa utafiti mwingi na mzuri kwa zaidi ya miaka 20, watoto maelfu wamepimwa na kufuatiliwa, afu mzazi wa huku kwetu anatoka kliniki na boksi la viraka mkononi hajui kwa nini kaambiwa saa mbili na sio sita, kwa nini miwani ilitangulia, na lini anaruhusiwa kuacha. Majibu yapo kabisa, ila ni nadra kumpata mtu wa kukaa chini na mzazi akamweleza.

Mimi sio daktari. Ni mhasibu, kazi yangu kutwa ni majedwali ya namba, kwa hiyo nilivyoambiwa mwanangu ana jicho vivu nikaanza kusoma ripoti za majaribio zenyewe, na daktari wetu wa macho, Mungu ambariki, alikuwa ananifafanulia kila nikirudi kwake na maswali.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Jicho vivu ukilichungulia ndani mara nyingi hukuti kidonda wala ugonjwa, retina nzima, mshipa mzima, kila kitu kipo sawa. Shida iko kwenye ubongo. Mtoto anazaliwa hajui kuona vizuri, ubongo wake unajifunza kuona miaka ile ya mwanzo, na kama jicho moja linaleta picha yenye ukungu, iwe kwa sababu ya makengeza, au namba ya miwani ya jicho hilo iko mbali sana na ya mwenzake, au kuna mtoto wa jicho amelizibia, basi ubongo unashika ile picha safi na ile nyingine unaiacha. Siku zinavyoenda unazoea kuiacha. David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha hili kwa paka miaka ya 1960, walimfunga paka mchanga kope la jicho moja, walipokuja kulifungua wakakuta seli za ubongo zimeshahamia karibu zote kwa jicho lile lingine, wakati paka mkubwa akifanyiwa hivohivo hapati shida ile. Kazi hiyo ni sehemu ya ile iliyowapa Nobel mwaka 1981. Kwa hiyo ukisikia daktari anakwambia wahi, wahi, ujue hakutishi, anajua ubongo wa mtoto unalainika kwa muda tu na muda huo unapita.

Mwanangu hakuwa na makengeza hata kidogo. Macho mazuri, anakimbia, anapanda ukuta, anaona ndege angani kabla yangu. Tuligundua kwa sababu shule ya awali walitaka cheti cha afya na huko hospitali dada mmoja aliyekuwa anapima akamfunika jicho la kulia kwa kiganja. Mtoto aliyekuwa ametulia akaanza kugeuza shingo, anauvuta ule mkono, anasema "niachie, sioni". Alipofunikwa la kushoto hakusema kitu. Jicho la kulia lilikuwa 6/6, la kushoto 6/24, maana yake kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 24 jicho lile linahitaji kusogea mpaka mita 6. Na muda wote huo aliishi kwa jicho moja sisi hatuna habari, kwa sababu mtoto hajui kama wenzake wanaona kwa macho yote mawili, atalalamika nini sasa?

Matibabu tukaanza kwa miwani tu. Hapa wazazi wengi wanakata tamaa, wanaona miwani mwezi wa kwanza jicho bado, wanasema hii miwani haifanyi kazi. Kuna kundi kubwa la watafiti wa Marekani linaitwa PEDIG, lilianzishwa 1997 kwa fedha za taasisi ya serikali yao inayoshughulika na macho, hawa ndo wamefanya majaribio mengi ya jicho vivu kuliko mtu yeyote. Mwaka 2006 walitoa matokeo ya watoto 84 wa miaka 3 mpaka chini ya 7, wote tatizo lao ni namba kutofautiana kama mwanangu, wakawapa miwani peke yake bila kiraka bila dawa. Asilimia 77 walipanda mistari miwili au zaidi kwenye chati, na asilimia 27 jicho lilipona kabisa. Kwa miwani tu! Mtoto mmoja kati ya wanne hakuhitaji kiraka hata siku moja. Sasa fikiria mtu anauziwa mazoezi ya kompyuta na miwani haijawahi hata kupimwa vizuri. Na nikisema kupimwa vizuri namaanisha kupimwa baada ya kuwekewa matone yanayotanua mboni, kwa sababu jicho la mtoto lina nguvu sana ya kujikaza, bila matone linaficha namba yake halisi.

Miwani ikamfikisha mwanangu sehemu ikaishia hapo. Ndo tukaingia kwenye kiraka.

Siku ya kwanza mama mkwe alikuwepo kwetu. Ameniona nabandika kiraka kwenye jicho la kulia akaniuliza, "Mwanangu, hilo si ndo jicho zima? Mbona mnafunga zima mnaacha bovu?" Sikumlaumu, ni swali la akili kabisa. Nikamwambia mama, la kulia ndo linalolifanya la kushoto likae bure, tukilinyamazisha hili kwa muda ubongo hauna pa kukimbilia, utalazimika kulisikiliza lile. Akanyamaza kidogo, akasema basi mchana nitakaa naye mimi. Na kweli alikaa naye, na naweza kusema bila yeye tusingefika popote, maana mimi narudi kazini jua limeshazama.

Wazo la kufunika jicho zima ni la zamani sana, Mfaransa Buffon aliliandikia mwaka 1743, lakini kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyejua kwa uhakika lifunikwe saa ngapi. Kila daktari na mazoea yake, wengine kutwa nzima, wengine nusu siku. Watoto wamelia miaka na miaka, wameenda shule hawaoni ubaoni kwa sababu jicho zima limefunikwa, wametaniwa, wazazi wamegombana nao, na hakuna aliyekuwa amelinganisha. Ndo maana hili jaribio la 2003 mimi nalipenda kuliko yote. PEDIG walichukua watoto 189 wenye jicho vivu la wastani, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu waambiwe saa 2 kwa siku, nusu saa 6, wote wafanye angalau saa moja ya vitu vya karibu kama kuchora wakiwa wamefunikwa. Baada ya miezi minne kila kundi lilikuwa limepanda mistari 2.4. Kundi la saa 2 mistari 2.4, kundi la saa 6 mistari 2.4. Mwaka huohuo wakatoa na ya watoto 175 wenye jicho vivu kali, saa 6 kwa siku ilifanya kazi sawa na kufunika karibu kutwa nzima, mistari 4.8 kwa 4.7.

Nilivyosoma ile ya kwanza nililia, sisemi uongo. Kwa sababu saa 2 familia inaweza. Saa 2 mtoto anarudi toka shule, anakula, anafunikwa, inafika jioni kimeshatoka. Shuleni haendi nacho, hataniwi na mtu.

Lakini mhasibu ndani yangu akauliza, inawezekanaje saa 6 zisishinde saa 2? Mara tatu ya dawa, matokeo yaleyale? Jibu nililipata kwa Waingereza. Pale London walitengeneza kifaa kidogo kinachounganishwa na kiraka, kinarekodi muda ambao kiraka kweli kimekaa kwenye ngozi ya mtoto, sio muda ambao mzazi ameandika kwenye kalenda. Mwaka 2007 wakatoa matokeo ya kulinganisha saa 6 na saa 12. Wale walioandikiwa saa 6 walivaa kwa wastani saa 4.2. Walioandikiwa saa 12 walivaa saa 6.2. Umeona? Karatasini tofauti ni mara mbili, usoni kwa mtoto tofauti ni saa mbili. Ukimwandikia mtoto saa nyingi hajavaa saa nyingi, amevaa zile anazoweza na zilizobaki zimekuwa vita vya nyumbani.

Na walewale, kwenye utafiti wao wa 2004, walikadiria kwamba jicho linahitaji karibu saa 120 za kiraka ili lipande mstari mmoja. Sasa chukua saa 2 kwa siku, miezi minne, ni kama saa 240, kwa hesabu hiyo utegemee mistari miwili. Wamarekani walipata 2.4. Nchi mbili, watoto tofauti, njia tofauti, namba zinakaribiana hivyo. Hesabu hii niliiandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji, kwa sababu ilinipa kitu ambacho hakuna aliyenipa, yaani kujua nisubiri kwa muda gani. Saa 120 ukivaa 2 kila siku ni karibu miezi miwili kwa mstari mmoja. Kwa hiyo ukiwa wiki ya tatu huoni mabadiliko, hakuna kilichoharibika, ndo mwendo wake huo.

Habari ya joto la Dar hakuna ripoti niliyoona imeiandika kwa hiyo naisema mimi. Kiraka cha kubandika na jasho havipatani. Pembeni mwa pua kinaachia kwanza, mtoto anajua hilo siku ya pili tu, anainamisha kichwa anachungulia kwenye ule upenyo mdogo, na kama hukai mbele yake unaweza kudhani amevaa saa mbili kumbe jicho zima limefanya kazi muda wote. Sisi tulikuwa tunamuosha uso, tunamkausha vizuri, tunabandika kiraka halafu tunaongezea plasta ya karatasi upande wa pua tu, miwani inakuja juu. Kubandua ni wakati wa kuoga, mafuta kidogo pembezoni, taratibu, ukivuta kikavu ngozi inatoka na kesho hataki tena. Feni ikiwa inampiga usoni kinakaa vizuri zaidi. Kama ngozi imechubuka mwambie daktari, kuna viraka vya kitambaa vya kuvalisha kwenye miwani, ingawa hivyo navyo kuchungulia ni rahisi zaidi.

Kuhusu afanye nini akiwa amefunikwa, wengi mnaniuliza kama lazima asome au achore. Bibi yake alikuwa anakaa naye jikoni wanachambua mchele, yeye kazi yake kutafuta mawe, na akipata jiwe anatangaza nyumba nzima. Mwanzoni alikuwa anapeleka pua mpaka kwenye ungo, sinia lote linapita chini ya uso wake, mawe anayakosa anaokota mpunga. Baadaye akawa anachambua akiwa amekaa wima. Mimi maendeleo niliyaona pale kwenye ungo kabla ya kuyaona kwenye chati. Lakini kama mwanao hataki kukaa chini usimlazimishe, PEDIG walishalipima na hilo, watoto 425, matokeo 2008, wale waliofanya shughuli za karibu na wale waliofanya za mbali walipanda karibu sawa, mistari 2.5 na 2.6. Acheze mpira uani na kiraka chake, mradi kuna mtu mzima anamwangalia asijigonge.

Kwa wasioweza kiraka kabisa kuna matone ya atropini, yanatiwa kwenye jicho zima ili liwe na ukungu kwa karibu. Jaribio la 2002 lenye watoto 419 lilionyesha baada ya miezi sita atropini imefuatana na kiraka karibu sawa, mistari 2.84 kwa 3.16, na 2004 wakaonyesha kutia wikendi tu kunatosha sawa na kila siku. Mboni inatanuka kwa hiyo jua linamuumiza, kofia ni lazima. Na tafadhali sana hayo matone sio ya kununua famasi ukajitilia, mtoto akiyanywa ni sumu, ni kwa daktari tu.

Sasa tuje kwenye magemu, maana ndo swali kubwa.

Wazo lake ni zuri na limetoka kwa wanasayansi wa kweli, sio matapeli. Badala ya kufunika jicho zima, mtoto anavaa miwani ya rangi mbili, nyekundu na kijani, kwenye skrini kuna gemu la matofali yanayodondoka, baadhi ya vitu vinaonekana na jicho vivu tu kwa rangi kali, vingine vinaonekana na jicho zima tu kwa rangi iliyofifia, ili ashinde lazima macho yote mawili yashirikiane. Ukisikia unasema hii ndo yenyewe, mtoto anacheza tu na anapona. Hata mimi niliitamani mno.

Wakaipima. Mwaka 2016 PEDIG walitoa matokeo ya watoto 385 wa miaka 5 mpaka chini ya 13, nusu gemu saa moja kwa siku kwenye tableti, nusu kiraka saa 2. Baada ya wiki 16 gemu lilipandisha mstari 1.05, kiraka 1.35. Halikushinda kiraka. Na kati ya watoto wa gemu ni asilimia 22 tu waliocheza zaidi ya robo tatu ya muda walioambiwa, wengine walilichoka. Mtoto unampa gemu moja lilelile kila siku kwa miezi minne, hata mtu mzima angechoka.

Halafu 2018 likaja jaribio ambalo kwangu ndo fundisho kubwa la haya yote. Lilifanyika New Zealand, Kanada, Australia na Hong Kong, watu 115 kuanzia miaka 7 mpaka watu wazima. Kundi moja lilipewa gemu la kweli, kundi la pili likapewa gemu linalofanana nalo kabisa kwa macho, matofali yaleyale, miwani ileile, lakini ile tiba imetolewa ndani yake, ni plasibo. Wiki sita. Makundi yote mawili yalipanda kidogo, na yalipanda sawa. Yaani gemu lisilo na tiba lilifanya kazi sawa na lenye tiba.

Sasa kama pasingekuwa na lile kundi la pili, ripoti ingesema nini? Ingesema wagonjwa wamecheza gemu wiki sita na kuona kwao kumeongezeka. Ingekuwa kweli kabisa. Na mtu angeichukua sentensi hiyo akaiweka kwenye tangazo na sisi wazazi tungelipa. Ndo maana siku hizi mtu akinitumia klipu ya mazoezi ya macho ya aina yoyote namuuliza swali moja tu, walilinganisha na nini? Kama jibu ni "watoto walipimwa kabla na baada", hilo halinitoshi, kwa sababu mtoto anazoea chati, mtoto anakua, miwani yenyewe inaendelea kufanya kazi chinichini, na mtoto anayekaliwa na mtu mzima kila siku anajitahidi zaidi siku ya kupimwa.

Nguvu ya hiyo plasibo usiidharau. Kuna tatizo lingine tofauti na jicho vivu, la macho kushindwa kukutana pamoja kwenye kitu cha karibu, mtoto akisoma kichwa kinauma na maneno yanakuwa mawilimawili. Kwa hao mwaka 2008 Mitchell Scheiman na wenzake walitoa jaribio la watoto 221, wiki 12. Makundi manne, na moja lilikuwa linakuja kwa mtaalamu kila wiki kufanya mazoezi yaliyotungwa makusudi yasiwe na faida yoyote. Asilimia 35 ya kundi hilo walipona au kupata nafuu. Kundi la mazoezi ya kweli kliniki pamoja na ya nyumbani lilifika asilimia 73, kwa hiyo pale mazoezi yalishinda kwa haki, mimi nayakubali. Yale ya kusogeza penseli puani peke yako nyumbani yalipata 43, hayakuwa mbali na plasibo. Baadaye, 2019, watafiti hao wakauliza swali ambalo wazazi wengi wanauziwa, je mazoezi haya yanaongeza uwezo wa mtoto kuelewa anachosoma? Watoto 311, wiki 16, jibu likawa hapana, hawakuzidi plasibo. Kwa hiyo ukiambiwa lipa vipindi vya mazoezi ya macho mtoto apande darasani, mimi ningeiweka hiyo hela kwenye miwani na vitabu. Kuna sehemu moja mjini niliwahi kupewa bei ya vipindi vya namna hiyo kwa ajili ya mwanangu ambaye tatizo lake hata sio hilo. Nilishukuru nikaondoka.

Sifungi mlango kwa teknolojia. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kinaitwa Luminopia, mtoto anavaa usoni kama yale mamiwani makubwa ya video, anaangalia katuni anazozipenda huku picha ya jicho zima imefifishwa na sehemu zake zimezibwa. Watoto 105 wa miaka 4 mpaka 7, saa moja kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 12, walipanda mistari 1.8 na waliovaa miwani tu walipanda 0.8. Ni matokeo ya kweli na katuni wanazibadilisha kwa hiyo hawachoki haraka. Lakini angalia walilinganisha na nini, miwani peke yake, sio kiraka cha saa 2. Kwa mzazi wa Tanzania mwenye kiraka cha bei ndogo mkononi hilo ndo lingekuwa swali lake.

Na kwenye kiraka chenyewe mjadala haujaisha. Mwaka 2024 kulitoka matokeo ya jaribio la Ulaya linaitwa EuPatch, watoto 334 wa miaka 3 mpaka 8, kundi moja lilivaa miwani wiki 3 tu halafu kiraka saa 10 kwa siku, lingine lilisubiri na miwani wiki 18 kwanza. Walioanza mapema walifanikiwa asilimia 67, waliosubiri 54. Nilimpelekea daktari wetu hiyo, tukaongea, akasema kwa mtoto ambaye jicho lake ni bovu sana hatasubiri tena miezi minne kama zamani, ila kwa wastani na familia inayohangaika bado anaanza na saa 2. Mimi naona ana busara. Saa 10 za karatasini ambazo mtoto hazivai hazimsaidii mtu, na nyumba yenye bibi wa kukaa na mtoto sio sawa na nyumba ambayo mama yuko sokoni kuanzia alfajiri.

Niseme na hili kwa haraka maana linaniuma. Kwetu kuna watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho, unaona weupe katikati ya mboni. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, walishaandika toka 2005 jinsi watoto hawa wanavyocheleweshwa kufika hospitali hapa Tanzania. Upasuaji ukifanyika familia inaona kazi imekwisha, kumbe ndo imeanza, bila miwani na kiraka baada ya hapo ubongo hautalitumia lile jicho hata kama limesafishwa vizuri kiasi gani. Na weupe kwenye mboni unaweza pia kuwa saratani ya jicho, kwa hiyo ukiuona hata kwenye picha ya simu yenye flashi, upande mmoja mwekundu upande mwingine mweupe, usisubiri mwezi uishe.

Wanaouliza lini waache, usiache ghafla. PEDIG waliwafuatilia watoto waliomaliza matibabu, ndani ya mwaka mmoja karibu robo walirudi nyuma. Waliokuwa wanavaa saa 6 mpaka 8 wakakatishwa mara moja, asilimia 42 walirudi nyuma, waliopunguziwa kwanza mpaka saa 2 ndo wakaacha ni asilimia 14. Sisi sa hivi tuko kwenye kupunguza, jicho la kushoto limefika 6/9, na miwani anaendelea nayo. Kliniki pia usiruke hata kama mtoto anaonekana sawa, wanaangalia na jicho zima, maana nalo likifunikwa kupita kiasi linaweza kudhoofika.

Na dada ulieniandikia juzi kuhusu binti yako wa miaka 14, umeambiwa umri umepita usihangaike. Kuna jaribio la 2005, watoto 507 wa miaka 7 mpaka 17. Wa miaka 7 mpaka 12 waliopewa miwani pamoja na tiba ya kiraka na matone, asilimia 53 waliitikia, kwa miwani tu 25. Kwa wa miaka 13 mpaka 17 kwa ujumla tofauti haikuonekana, lakini wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabisa, kama binti yako, asilimia 47 waliitikia kwa miwani pamoja na kiraka, wakati kwa miwani peke yake ni 20. Sio uhakika wa kupona na wala usimwahidi hivyo, ila ni karibu nusu kwa nusu. Mpeleke likizo hii, omba apimwe miwani kwa matone, halafu uliza kuhusu saa 2.